Divaida zenye masikio: anza kupima nje, ndo uje ndani

Somo la leo ni la nyie mnaouza vitu vya karatasi mtandaoni: daftari za mauzo, daftari za mipango ya mwaka, vitabu vya mapishi, katalogi, daftari za vikoba. Hata kama unauza nguo na unataka tu katalogi moja ya kumwonyesha mteja, soma, hesabu ni zile zile.

Tunaongelea divaida. Zile karatasi ngumu zinazogawa kitabu sehemu sehemu, zenye kipande kinachochomoza pembeni na jina la sehemu limeandikwa pale. Hicho kipande nitakiita sikio. Karatasi yenyewe iliyobaki nitaiita mwili. Tukielewana hapo twende.

Wengi wanachukulia divaida kama urembo. Mteja akiomba "uniwekee na zile za pembeni," muuzaji anasema sawa, kitabu anakitengeneza kama kawaida, halafu mwishoni ndo anatafuta pa kubandika masikio. Kuna mama mmoja, katibu wa kikoba chao, alikuja kwangu na daftari la namna hiyo, alichapishiwa mahali pengine. Lilikuwa na sehemu sita: Mahudhurio, Hisa, Jamii, Mikopo, Faini, Mihutasari. Divaida zilikuwemo, tena za rangi. Lakini sikio la Jamii na la Mikopo yalikaa usawa mmoja, moja nyuma ya lingine, kwa hiyo la Mikopo halionekani mpaka ufunue. La Mihutasari lilikuwa limekatwa nusu na mashine. Na yote yalitoka nje ya jalada, kwa hiyo baada ya wiki chache kwenye mkoba yalishajikunja kama majani makavu.

Nikamwambia, "Shikamoo mama, hili si daftari jipya?" Akasema, "Marahaba. Jipya ndiyo, lakini linaniaibisha, mwanangu. Jumapili watu wamekaa, mtu anauliza deni lake limebaki shilingi ngapi, mimi natafuta ukurasa. Nikichelewa kidogo mwingine anaanza kunong'ona kwamba kuna kitu nakificha."

Umeona? Hapo hatuongelei urembo tena. Pale kuna hela za watu thelathini, na katibu anaaminiwa kwa jinsi anavyofungua ukurasa haraka mbele ya macho yao. Akaniambia nikimtengenezea moja likakaa sawa, atawaonyesha makatibu wenzake, wanataka jumla daftari 40. Kwa duka kama langu hiyo sio oda ya kuchezea.

Sasa, yale matatizo matatu ya daftari lake chanzo chake ni kimoja: aliyelitengeneza alianza na kurasa za ndani, akafika kwenye masikio nafasi imeshaisha. Ukurasa wa ndani ni A5, jalada ni A5, halafu sikio litatokea wapi? Lazima litoke nje ya A5. Na likitoka nje ya A5 una mzigo mwingine: karatasi ya divaida inakuwa na upana wa ajabu usiotoka vizuri kwenye A4 mbili, jalada haliifuniki, na kila kinachozidi jalada kitakunjika.

Geuza hesabu. A5 ni milimita 148 kwa 210. Hiyo 148 wape divaida na jalada. Kurasa za ndani ndo zipunguze upana, ziwe 136. Tofauti ni milimita 12, na hizo 12 ndo sikio lako. Basi. Divaida ni A5 kamili, jalada ni A5 kamili, plastiki ya juu unayonunua steshenari ya saizi ya A4 unaikata katikati inakutosha, na sikio limelala ndani ya jalada, halitoki nje kuumia. Kinachopotea ni kipande chembamba cha karatasi ya kawaida ya gramu 80, ambayo ndo karatasi rahisi kuliko zote kwenye kitabu. Ukifanya A4 ni vile vile: divaida 210, kurasa za ndani 198, urefu unabaki 297.

Wakubwa wa matbaa wanaweza wakaniambia siku zote divaida huongezwa nje, na ni kweli, ukinunua divaida za faili dukani zimeongezwa nje. Lakini wao wana karatasi kubwa na mashine ya kukatia umbo. Sisi tuna A4, printa na kisu.

Haya, sasa urefu wa sikio. Watu wengi wanagawanya urefu wote wa karatasi kwa idadi ya sehemu. 210 gawa kwa 6 unapata 35, inavutia, lakini usifanye hivyo. Sikio la kwanza litakuwa kwenye kona kabisa ya juu na la mwisho kwenye kona kabisa ya chini, na kona ndo zinazogonga kila kitu kwenye begi. Tena karatasi ikikatwa vibaya kidogo, sikio la kona ndo linaliwa. Acha milimita 6 juu na 6 chini. Inabaki 198. Gawa kwa 6, unapata 33 kamili. Kwa hiyo ukipima kutoka juu ya karatasi, sikio la kwanza linaanza 6 linaishia 39. La pili 39 mpaka 72. La tatu 72 mpaka 105. La nne 105 mpaka 138, la tano 138 mpaka 171, la sita 171 mpaka 204. Ziandike hizi namba kwenye karatasi ubandike ukutani juu ya meza yako, kwa sababu utazihitaji kwenye kompyuta na utazihitaji tena kwenye kisu.

Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi chakavu sita na nyingine kumi za kuwa kurasa za ndani. Zikate kwa hivyo vipimo, andika majina ya sehemu kwa kalamu, zibane na klipu. Ni dakika kumi tu. Mpe mteja ashike. Mimi nilimpa yule mama, akafunua funua, halafu akasema kitu ambacho nisingekijua hata ningekaa mwaka: "Faini niwekee karibu na Mahudhurio. Nikishaita majina ndo najua nani kachelewa, hapo hapo naandika faini." Kwa hiyo mpangilio ukawa Mahudhurio, Faini, Hisa, Jamii, Mikopo, Mihutasari. Ingekuwa nimeshachapa manila zote ndo ananiambia, ingekuwa hasara, na mngebishana nani ailipe.

Tuje kwenye faili. Natumia Word, wengine Canva, vyote vinafaa mradi uweke saizi kwa milimita. Kurasa za ndani acha faili liwe 148 kwa 210, usilifanye 136, ila hakikisha zile milimita 12 za upande wa nje hazina kitu. Upande wa baindi acha nafasi 15 kwa ajili ya matundu, upande wa nje acha 20, yaani 12 za kukatwa na 8 za kupumua. Kama unachapa mbele na nyuma kumbuka upande wa nje unahama: mbele ni kulia, nyuma ni kushoto. Kwenye Word sehemu ya pambizo kuna chaguo limeandikwa Mirrored, libonyeze, litahamisha lenyewe. Usipofanya hivyo, kurasa za nyuma zitakatwa maandishi, na hilo utaligundua mashine imeshapita.

Divaida zenyewe, tengeneza faili lake peke yake. Usizichanganye na kurasa za ndani. Karatasi ni tofauti, uchapaji ni tofauti, ukataji ni tofauti. Kila divaida ina kurasa mbili kwenye faili, mbele na nyuma. Mbele, sikio liko kulia, kuanzia 136 mpaka 148. Nyuma, sikio liko kushoto, kuanzia 0 mpaka 12. Urefu kutoka juu haubadiliki. Sanduku la maandishi usiliburute kwa kukisia, liwekee nafasi kwa namba, Word inaruhusu.

Usiseme nyuma haina haja. Mtu akiwa yuko kwenye Mikopo na anataka kurudi Hisa, sikio analoliona ni la nyuma. Likiwa jeupe anabaki kukisia.

Jina la sehemu liandike kwa kulisimamisha, lisomeke kutoka juu kwenda chini, mbele na nyuma mwelekeo uwe mmoja. Herufi kubwa, nene, saizi ya 10. Kwa urefu wa milimita 33 neno kama MAHUDHURIO au MIHUTASARI linaingia. MFUKO WA JAMII linabana, kwa hiyo andika JAMII tu, jina refu liweke kubwa katikati ya mwili wa divaida. Tena usiweke maandishi katikati kabisa ya sikio, yasogeze kidogo kuelekea kwenye mwili. Sababu ni kwamba printa nyingi hazichapi mpaka ukingoni, zinaacha milimita nne hivi nyeupe, na sikio lako liko ukingoni. Ukiweka katikati unaweza kukuta herufi zimenyolewa.

Na usizungushie sikio mstari wa fremu. Unapendeza kwenye skrini, lakini mashine nyingi mbele na nyuma zinapishana milimita moja au mbili, na fremu ndo inayoonyesha kila mtu kwamba zimepishana. Bila fremu hakuna anayejua.

Rangi. Hapa ndo hela nyingi inapotea bure. Mtu anachapa sikio jekundu, la kijani, la bluu, kwa printa ya rangi, kwenye karatasi nyeupe. Wino unaisha, na ukingoni panabaki mstari mweupe kwa ile sababu niliyosema, printa haifiki mwisho. Nunua manila za rangi. Njano, pinki, kijani, bluu, chungwa, nyeupe, hizo sita tayari. Chapa nyeusi tu juu yake. Rangi inakuwa imefika mpaka ukingoni yenyewe maana karatasi nzima ndo rangi, na katibu anajifunza haraka kwamba kijani ni mikopo. Chukua manila ya gramu 160 mpaka 200. Chini ya hapo sikio linalegea, juu ya hapo printa ndogo inagoma kuvuta.

Kwa oda ya 40: divaida sita kwa kila daftari ni 240. Kila A4 inatoa mbili, kwa hiyo A4 120, yaani 20 kwa kila rangi. Ongeza mbili kila rangi za kuharibika, nunua 22. Kwenye faili, weka divaida ile ile mara mbili kwenye A4 iliyolala, kushoto na kulia. Usiweke mbili tofauti, utachanganya rangi. Ukichapa mbele na nyuma kwa A4 iliyolala chagua igeuke kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nyuma itatoka kichwa chini.

Dirisha la kuchapa likifunguka, kuna sehemu ya saizi. Chagua Actual size, achana na Fit. Hiyo Fit inapunguza kila kitu kidogo ili kiingie kwenye karatasi, na kupungua kidogo tu kunakuharibia: zile 198 zako zinakuwa 192 hivi, na masikio ya chini yote yanakuwa hayapo pale kisu chako kinapoyategemea. Chapa divaida ya kwanza na ya sita kwanza, kisha chukua rula. Katikati ya neno la kwanza iwe milimita 22 na nusu kutoka juu, katikati ya neno la sita iwe 187 na nusu. Kama sio hivyo simamisha, usiendelee.

Ukipeleka steshenari wakuchapie kwa mashine ya fotokopi, mwambie kijana aweke kwamba karatasi ni nzito. Mashine ikidhani ni karatasi ya kawaida, tona haishiki vizuri kwenye manila. Kwaruza herufi na ukucha pale pale dukani kabla hujalipa. Ikibanduka, arudie. Na zile divaida za plastiki za faili msiziingize kwenye printa ya leza kama pakiti haijaandikwa zinaruhusiwa, mle ndani kuna joto, plastiki ikiyeyuka umeua mashine ya mtu.

Baada ya kuchapa, kata A4 katikati, upate A5. Sasa kabla hujakata masikio, vaa selotepu. Chukua selotepu safi, ya upana wa kama milimita 24, ilaze kwenye ukingo wote wa kulia wa divaida, nusu mbele nusu nyuma, umeikunja kwenye ukingo. Inafunika zile milimita 12 mbele na 12 nyuma kamili. Kisha ndo unakata. Sehemu zisizohitajika zinaondoka na selotepu yake, sikio linabaki limevaa pande zote mbili. Kubandika selotepu sikio moja moja baada ya kukata ni mateso na inakaa upande.

Kukata. Watu hunipigia wakisema "nitapeleka kwenye gilotini wakate." Gilotini inakata mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho wa karatasi. Haiwezi kuingia milimita 12 halafu ikasimama ikageuka kushuka. Sikio lina kona ya ndani, kwa hiyo ni kisu na rula ya chuma, au mkasi, au ile dai ya kukatia umbo ambayo matbaa hutengenezewa maalum, na hiyo gharama yake ina maana ukiwa na maelfu. Kwa 240, kisu.

Tengeneza patani sita za kadi ngumu, moja kwa kila nafasi, kwa zile namba za ukutani. Panga divaida zako kwa sehemu: Mahudhurio zote 40 pamoja, Faini zote pamoja. Chukua tano tano, zigonge mezani upande wa kushoto na juu zilingane, bana na klipu, weka patani juu, kata. Usichukue kumi ukadhani unaokoa muda, kisu kinahama chini na ya mwisho inatoka nyembamba. Kwa mfano sikio la tatu: unaingia kutoka kulia kwenye 72 mpaka ufike 136, unapanda mpaka juu. Halafu unaingia kwenye 105 mpaka 136, unashuka mpaka chini. Yale maingilio yalaze kidogo, sikio liwe jembamba nje na pana kwenye shina. Milimita moja tu ya kulala inatosha. Linakuwa na nguvu, na hata ukikosea kidogo halimgusi jirani yake. Kona za nje zizungushe kwa kile kikata kona kidogo, au hata kwa mkasi. Kona kali ndo inaanza kukunjika.

Kurasa za ndani ndo za gilotini. Zikishakatwa A5, mwambie fundi aweke kipimo 136 na aegemeze upande wa baindi nyuma kwenye kizuizi. Sema hivyo hivyo kwa maneno, "upande wa baindi nyuma." Akiegemeza upande wa nje, zile 12 zitatoka kwenye nafasi ya matundu.

Kwa vitabu hivi baindi ni spairo. Usikubali baindi ya gundi. Kitabu cha gundi kikishakauka hukatwa pande tatu ili kinyooke, na upande mmoja ndo huo wenye masikio yako. Nadhani sikio la Mihutasari la yule mama liliondoka hivyo hivyo, likapitishwa kwenye mashine ya kunyoosha. Wakati wa kutoboa, gonga karatasi zote zilingane upande wa kushoto na juu. Ukizigonga kulia, kurasa za ndani zitasogea mpaka usawa wa masikio, matundu yatapishana, na baada ya kuingiza spairo utaona masikio yamepotea ndani.

Tengeneza moja kwanza. Daftari moja, kamili, mpaka spairo. Nilimpa yule mama hilo moja akakaa nalo Jumapili mbili, akarudi na nusu ya hela ya daftari 40. Hakubadilisha kitu tena isipokuwa alitaka sehemu ya Mihutasari iongezwe kurasa.

Sasa bei, maana hapa ndo wengi tunajidhulumu. Divaida iandike kwenye ankara mstari wake peke yake, usiimeze kwenye bei ya daftari. Manila unaihesabu, selotepu unaihesabu, lakini kikubwa ni mikono. Tuseme uko haraka na kila divaida inakuchukua dakika moja tu kuvaa selotepu, kukata na kuzungusha kona. Divaida 240 ni dakika 240, saa nne, ukiwa hujajibu meseji hata moja. Hizo saa nne zina bei. Ukiiandika mstari wake, mteja asiye na bajeti atakwambia mwenyewe "basi niwekee nne badala ya sita," na mtaelewana. Ukiimeza, atakuomba punguzo kwenye bei ya jumla na utakuwa umekata masikio bure.

Kama mteja hana hela kabisa ya divaida, kuna njia nyingine nzuri tu. Kwenye kurasa za ndani zenyewe, chora kiboksi cheusi upande wa nje, kwa usawa ule ule wa sikio, kila sehemu na usawa wake. Kiboksi kianzie kwenye 130 kivuke mpaka 140. Kwa sababu ukingo unakatwa kwenye 136, kisu kinapita katikati ya wino, na kitabu kikifungwa unaona alama nyeusi zimepangana kama ngazi ubavuni. Hakuna manila, hakuna kukata kwa mkono. Haishikiki kama sikio lakini inaonyesha njia.

Na wale wa daftari za mipango mnaouliza miezi 12. Una njia mbili. Ya kwanza, 198 gawa kwa 12, kila sikio milimita 16 na nusu. Hapo andika kwa kulaza, herufi tatu tatu, JAN, FEB, MAC, saizi ya 8. Inaingia lakini kukata ni kazi, na masikio membamba yanachoka mapema. Ya pili, ambayo ndo naitumia, ni mizunguko miwili ya sita. Januari mpaka Juni wanashuka kutoka juu mpaka chini, Julai anarudi juu pale pale alipo Januari. Patani ni zile zile sita. Julai atajificha nyuma ya Januari, lakini mtu akiwa ameshafunua nusu ya kwanza ya mwaka anamwona. Ili asichanganye, nusu ya pili ipe rangi tofauti ya manila. Kwa daftari la kikoba sifanyi hivi, maana katibu anaruka ruka kutoka sehemu hadi sehemu kila dakika na anataka yote sita ayaone kwa pamoja.

Kwenye kusafirisha, zipange mbili mbili zikiwa zimegeuziana, spairo ya moja kulia ya nyingine kushoto, zilale bapa. Weka kadi ngumu juu na chini ya kila kifungu cha kumi. Kamba ipite katikati ya urefu wa kifungu na ifungwe juu ya kadi, isikae moja kwa moja juu ya masikio. Kwenye boksi la basi andika UPANDE HUU JUU, na mpigie mteja umwambie boksi lina karatasi, asije akalikalia akisubiri bodaboda.